Spika Aliyoing'oa Njau

Kwa miaka kumi na mmoja Waruguru amechapa programu za mazishi kwa kompyuta sebuleni kwake, hapa Kiganjo, na mimi jirani yake nimezisahihisha kwa malipo ya chai baridi. Stima ya huku haina adabu. Ndiyo maana mumewe, Njau, alimnunulia UPS, lile sanduku zito la betri linaloishikilia kompyuta dakika nane stima ikipotea, mtu ahifadhi kazi yake.

Lilikuwa na mlio wa kuonya. Siku moja lililia katikati ya maombi ya ushirika hapo sebuleni mpaka mchungaji akanyamaza, na jioni hiyo Njau akalifungua akang'oa spika yake ndogo.

"Sasa nitajuaje stima imeenda?" Waruguru akamuuliza.

"Si niko hapo nje? Nitakuambia."

Njau alishona viatu kibandani, chini ya dirisha lake. Kinu cha stima cha kusaga posho, ng'ambo ya barabara, kikinyamaza tu, alipaza sauti: "Mama Shiko, save!" Ungedhani ameajiriwa. Nilimwambia airudishe spika, akanicheka.

Jumapili moja moyo wa Njau ulisimama. Alhamisi Waruguru aliketi kuchapa wasifu wake, na ulitakiwa kwa mpiga chapa mjini kabla ya saa kumi, maana mazishi yalikuwa kesho yake. Hakulia. Aliniambia hasikii chochote, ni vidole tu vinavyoenda.

Lakini viliandika. Viliandika kwamba walikutana Ruiru kwenye foleni ya maji, kwamba Njau alimbebea mtungi na akakataa kuuweka chini mpaka atajiwe jina. Nilisoma nikiwa nyuma yake, nikamwonea wivu.

Saa nane na dakika chache skrini ikawa nyeusi. Hakuwa amehifadhi hata sentensi.

Waruguru aligeukia dirisha. "Mbona hajaniambia?" akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Stima iliporudi saa tisa, alifungua wasifu wa mzee mmoja wa mtaa wa Landless, aliouchapa zamani, akafuta jina, akaandika Njau. Mume mpole, mcha Mungu, mpenda watu. Mtungi haukurudi.

Sikumwambia, na sitamwambia. Kinu kiliponyamaza nilikisikia vizuri, nimesimama pale pale nyuma ya kiti chake. Nami nilikuwa nangoja Njau aseme.