Eti Sumbawanga mvua hainyeshi Jumapili

Leo akili unde imetangaza mbele ya darasa zima kwamba Sumbawanga mvua hainyeshi Jumapili.

Na maelekezo iliyoyafuata niliyaandika mimi. 🙈

Klabu yetu ya jiografia ina programu ya kompyuta inayotoa vipimo vya mvua tunavyopima shuleni. Niliandika namna ya kuitumia, ili akili unde ivichukue yenyewe na kuwashauri wazazi wetu wapande ulezi lini.

Jibu likaja: "Jumapili zote, mvua sifuri."

Festo, jirani yangu wa dawati, akapaza sauti: "Mshikaji, Jumapili iliyopita tulitoka misani tumelowa chapachapa. Yale yalikuwa maji ya baraka?"

Darasa likaangua kicheko. Nilitamani kuingia chini ya dawati.

Mwalimu akaniuliza taratibu, "Jumapili nani hupima?"

"Hakuna, mwalimu. Wote tuko kanisani."

Sikuwa nimeliandika hilo, maana hapa kila mtu analijua!

Nikaongeza kwenye maelekezo: "Siku yenye nafasi tupu maana yake hatukupima. Usiihesabu kuwa sifuri."

Ikajibu: "Basi mvua ya Jumapili siijui."

Hilo ndilo jibu ninaloweza kumpelekea baba shambani.

Kwenu je, kuna jambo gani linalojulikana na wote, ila hakuna aliyewahi kuliandika?