Mgeni wa Siku Thelathini

Shangazi yangu alikuwa fundi cherehani. Watu walimwita Bi Pindo, maana nguo haikutoka mikononi mwake kabla hajakagua pindo lake mara mbili. Kwa miaka mingi alishona sare za wauguzi wa hospitali ya mkoa wake. Presha ya macho ilipompata, wauguzi haohao wakawa wanampa matone kwa kadi ya bima, chupa moja kila mwezi. Daktari alimwonya: akikosa matone, jicho litazimika polepole, na likizimika haliwashwi tena.

Mumewe alipofariki, binti yake alimwita wakaishi pamoja mkoa mwingine. Shangazi alibeba nguo chache na cherehani yake, aliyoiviringisha kwenye blanketi.

Chupa ilipokaribia kwisha, binti alimpeleka hospitali ya huko. Karani wa bima aliitazama kadi, kisha kompyuta.

"Mama, umekuja kutembea au umehamia?"

"Nimehamia."

Karani akashusha sauti. "Sikiliza, mama yangu. Mgeni anatibiwa hapa siku thelathini kwa kadi ya kwao, na akija tena anahesabiwa upya. Aliyehamia, faili lifungwe kule ndipo lifunguliwe hapa. Miezi mitatu hiyo. Nakuuliza tena: umekuja kutembea?"

Binti alimfinya kiunoni.

"Mwanangu," shangazi akasema, "nani anakwenda kutembea na cherehani?"

Foleni nzima ikacheka. Karani hakucheka. Aliandika.

Nyumbani binti alimjia juu. "Karani kakutafunia, mama, kazi yako kumeza tu. Ungesema umekuja kuniona."

"Halafu nirudi wapi? Nyumba ya kule ina mpangaji."

Matone ya duka la dawa yalikuwa ghali. Walinunua chupa moja, akawa anatia siku moja, anaruka mbili. Ilipokwisha alipanda basi kurudi kule alikotoka. Muuguzi aliyempokea alivaa sare yenye pindo ambalo shangazi alilitambua, lake mwenyewe, halijafumuka hata uzi mmoja.

"Pole, Bi Pindo. Faili lako limefungwa. Kwetu wewe humo tena."

"Na kule bado simo."

"Ndiyo hivyo," muuguzi akasema, macho yake sakafuni.

Mwezi wa nne faili likafunguliwa. Karani yuleyule alimkabidhi chupa kwa furaha ya kweli.

"Sasa umekuwa mtu wa hapa, mama."

"Mimi nimefika," shangazi akajibu. "Jicho la kushoto limebaki njiani."

Siku hizi, kabla ya kwenda kazini, binti humtungia sindano kumi na kuzichomeka kwenye mto wa kiti. Uzi wa mwisho ukiisha mapema, Bi Pindo huiweka nguo mapajani, akalipapasa pindo kwa vidole, akangoja mlango ufunguliwe.