Siku Bibi Alipowalelea Membe Mayai Yao

Jirani yangu hapa Ukunda anafuga kuku, na huwalisha dagaa. Asubuhi anapofagia banda, harufu inaruka ukuta: chumvi, samaki na mavi ya ndege. Wengine hufunga madirisha. Mimi hufungua, na msinicheke. Harufu hiyo hunirudisha Majoreni, kwenye kijisiwa cha mawe kilichokuwa mbele ya kijiji chetu, siku marehemu bibi yangu alipojitia kuwalea ndege wa watu.

Bibi ndiye aliyekuwa akinilea mimi. Mama alikuwa akitandika vitanda katika hoteli moja huko Diani, na alikuja nyumbani siku za mapumziko tu, na mkate na zile sabuni ndogondogo za wageni. Mwaka ule alipanga chumba Ukunda, akasema sasa atanichukua nikae naye. Bibi akakataa katakata. "Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana," akamwambia, na jioni akawarudia majirani maneno yayo hayo, nami nimekaa papo hapo nasikia. Mimi nilimtaka mama yangu. Lakini nani angethubutu kumwambia Bibi?

Basi, kwenye kijisiwa kile membe, wale ndege wa baharini, walikuwa wakitaga kila msimu wa kusi, na kamati ya wavuvi ilikuwa imekataza mtu kukikanyaga mpaka makinda yaruke. Mlinzi alikuwa Bwana Mutua, Mkamba aliyekuja kwetu kulima. Alichaguliwa kwa sababu alikuwa hali samaki wala yai la ndege yeyote wa baharini, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumshuku. Tatizo, maji ya bahari aliyaogopa mno. Kisiwa alikilinda kutoka ufukoni, chini ya mwavuli.

Siku moja ya bamvua, maji yalikupwa hata mtu akaweza kufika kisiwani kwa miguu. Nilifuatana na Bibi kuchokoa pweza, tukakosa. Bibi, ambaye amri za kamati alizihesabu kuwa ni za watu wengine, akapanda kisiwani kuchungulia. Akapigwa na butwaa. Mayai yametapakaa juu ya mawe matupu, hapana kiota, hapana hata jani, na jua linawaka.

"Lahaula," akasema. "Mama gani huyu, anatupa mayai juani akenda zake?"

Akaingia kazini. Akavua leso yake ya juu, akaitandaza juu ya mayai na kuikandamiza pembe kwa mawe, kisha akanivua na mimi ushungi. Wakati wote huo membe walikuwa wakitushukia kwa makelele, wakitudonoa na kutunyea. Bibi akawapungia chuma chake cha pweza. "Badala ya kupiga kelele, nendeni mkawaite mama zao!"

Bwana Mutua alikuja akivuka maji yasiyofika magotini, suruali ameikunja, viatu mkononi, mwavuli juu, uso umemsawijika kama mtu anayekwenda kuzikwa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba."

"Tafadhali, Bibi, shuka."

"Nishuke mayai yaive? Nawe mlinzi gani? Mama zao wamekwenda kutembea, huoni?"

Hapo membe mmoja akateremka, akamgonga Bibi utosini, ko!

"Huyo anayekugonga ndiye mama," akasema Bwana Mutua kwa upole. "Yeye na mumewe hupokezana. Mmoja anakwenda kuvua, mwenzake analikalia yai kulikinga na jua. Sasa hawezi kutua, Bibi. Wewe umesimama mahali pake."

Bibi akainama, akayaondoa mawe. Sikuwa nimepata kumwona akimtii mtu. Akaiokota leso yake na ushungi wangu, akanishika mkono, tukashuka, mavi yakimtiririka kwenye paji la uso wala hayapanguzi. Hata hatujaenda mbali, makelele yakapungua. Wale ndege wakateremka, kila mmoja kwenye yai lake, wakijitengeneza manyoya kama wanawake wanaokaa mkekani. Bibi akageuka akawatazama. Maji yalikuwa yameanza kujaa, na Bwana Mutua alitusihi twende, karibu kulia, lakini Bibi hakusogea mpaka alipomwona mwingine akirudi na kisamaki mdomoni.

Wiki ile mama akaja. Kwa kawaida Bibi angeketi katikati yetu kama ukuta. Safari hii alimpokea salamu, akampa chakula, akachukua jembe akasema anakwenda shamba. Ilikuwa Ijumaa, na Bibi hakuwa mtu wa kulima Ijumaa. Nguo zangu nilizikuta zimekunjwa, zimefungwa, niende na mama. Nilikuwa nikilitamani jambo hilo kwa muda mrefu, lakini nililia njia nzima mpaka Ukunda. Nilidhani Bibi amenichoka, hata kuniaga hakutaka.

Baada ya mazishi yake ndipo jirani yetu wa Majoreni aliponiambia kwamba siku ile Bibi hakufika shamba. Alikaa nyuma ya nyumba yake yule jirani, jembe mapajani, akilia kimyakimya hadi magharibi. Alipoulizwa kwa nini asiende kuniaga, alisema akirudi tu nitamng'ang'ania, na mama yangu atakosa nafasi.

Hakuwa amenichoka. Alikuwa amempisha mama.