Midomo ya Fundi Warembo

Miaka thelathini na moja mume wangu alichora wanawake wa jalada la gazeti la urembo. Mtaani walimwita Fundi Warembo. Mashoga zangu walinichokoza, "Shoga, mumeo anashinda na wanawake wa watu!" Nikawajibu, "Anashinda nao juu ya meza yangu, mbele ya macho yangu. Wenu je?"

Kazi yake naijua. Alianza na macho. Juu aliacha nafasi ya jina la gazeti, na nywele zikipanda mno alizishusha. Kwenye shingo aliniita, "Mama Watoto, geukia dirishani." Basi shingo zote zile ni yangu, msiponiamini shauri yenu. Midomo ilikuja mwisho, maana ile nyekundu hukawia kukauka na kiganja kingeivuruga.

Mwaka mmoja midomo ikatoka kahawia. Nikadhani ndiyo mitindo mipya. Mara ya pili Mhariri, yule kijana aliyekuwa akitupa kazi, akairudisha picha mwenyewe. "Mzee, huyu mbona kama anaumwa?" Mume wangu akacheka, akasingizia taa.

Mhariri alipotoka nikachukua tyubu ya kahawia. "Hii rangi gani?"

"Nyekundu."

Nikamwekea ile nyekundu kando yake. Akaelewa. Daktari akasema ni mshipa wa jicho, wala si wa kupasua.

"Usimwambie mtu," akaniomba. "Nikiacha kuchora nitakuwa nani?"

Sikumwambia mtu. Nilizipanga tyubu mwenyewe, nyekundu kulia kabisa, kahawia nikaitupia nyuma ya masufuria. Miezi minne picha zilitoka safi, na mimi nikatembea shingo juu.

Siku moja asubuhi Mhariri akaja bila kutuarifu. Mlango ulikuwa wazi, akasimama hapo akisikia.

"Hii ndiyo nyekundu?"

"Ndiyo."

"Iliyoiva au ya waridi?"

"Ya waridi. Paka bwana, usinichoshe!"

Nikageuka, nikamwona. Mume wangu akaweka brashi chini. Nikasimama katikati yao.

"Kabla hujafungua mdomo, niambie. Miezi hii minne, picha ipi ilikuwa mbaya?"

Akajikuna kichwa. "Hakuna, Mama. Lakini..."

"Lakini nini? Wachoraji wako wengine wana macho mawili. Huyu ana manne."

Kijana akacheka. Mume wangu hakucheka. "Mwanangu, nilikuficha. Nisamehe. Kama kazi unaichukua, ichukue."

Mhariri akavuta kiti, akakaa. "Mzee, nimekuja kuomba picha ya mwezi ujao mapema. Kazi nikiichukua kwako nimpe nani?"

Mume wangu hakumjibu yeye. Alinigeukia mimi. "Mama Watoto, hujachoka kweli?"

Miaka yote hiyo, hakuwahi kuniuliza kama kazi yake inanichosha. Mbele ya mgeni mimi silii. Nikamrudishia brashi mkononi.

"Malizia. Mdomo wa juu, upande wa kushoto, umebaki mweupe."