Tawi la Njia Panda

Kwetu, aliyetangulia huchuma kitawi kibichi, akakiweka njia panda na kukibana kwa jiwe. Ukikikuta unajua mwenzio kapita. Usimngoje, kaza mwendo. Mimi na rafiki yangu tulikwenda hivyo shuleni Mikumi tangu kidato cha kwanza. Tawi lake ndilo lililonisubiri pale kijia chetu kinapokutana na barabara ya Kilosa, kwa sababu mimi usingizi ulikuwa ndugu yangu.

Masika ya kidato cha tatu njia ikawa tope tupu, na getini mwalimu wa zamu aliwangojea wachelewaji na fimbo. Dereva mmoja wa lori la mbao, mtu mzima wa kuamkiwa shikamoo, akaanza kumpa rafiki yangu lifti. Aliniita na mimi. Nilikataa, wala si kwa busara; yule baba alinikera tu na mdomo wake wa asali. Rafiki yangu alinicheka ushamba, akasema mpanda lori hachapwi.

Kweli hakuchapwa. Akapata simu, akapata viatu, kisha akaacha shule na kuhamia chumba cha yule dereva, nyuma ya gesti. Kwao wakasema basi, kapata mume. Dawati letu likabaki langu peke yangu, na upweke ule uliniuma kuliko fimbo. Kila asubuhi nikawa naweka tawi njia panda. Sikuwa na wa kumwekea. Likinyauka naweka jingine, mpaka nikamaliza kidato cha nne.

Mwaka huu nilimpeleka mwanangu chanjo, nikamkuta rafiki yangu kwenye benchi la wanaongoja dawa za VVU. Amenawiri, dawa anazinywa. Alinieleza bila kupepesa macho: dereva alikuwa akijua hali yake, hakusema, na sasa yuko na msichana mwingine huko Iringa. Nikamuuliza mbona hakurudi, hata kunisalimia.

"Tawi lako nilikuwa naliona," akasema. "Kila tukipita kwenda Kilosa. Natamani lori lisimame, nishuke."

"Si ungemwambia?"

"Nilimwambia. Akacheka, akaongeza mwendo."