Kanga wa Samuye

Mwalimu yule nilimfundisha mwenyewe kuweka filamu kwenye kamera. Alikuja studio kwangu, nyuma ya soko la Shinyanga, na kamera kuukuu aliyopewa na shemeji yake, hajui hata kifuniko kinafungukia wapi. Nikamwelekeza kwa moyo mweupe. Ningejua, ningemwambia imekufa.

Hiyo ni miaka ya tisini, na mimi nilikuwa fundi anayejulikana. Wachimbaji waliorudi kutoka Geita na mifuko imetuna walisimama mbele ya pazia langu lililochorwa maporomoko ya maji, redio kaseti begani, wakapendeza. Kilichonijulisha kwa watu ni kioo cha duka la mzee wa Kihindi aliyetuuzia filamu na kuzipeleka Mwanza kusafishwa. Kiooni alitundika picha moja tu kubwa, na kwa miaka minne ilikuwa yangu: bibi harusi na shela lake. Aliyeipenda aliuliza nani kapiga, akaelekezwa kwangu.

Siku moja napita, bibi harusi hayupo. Mahali pake wamesimama korongo wawili wenye taji kichwani, mbawa wazi, wanacheza.

"Ya Mwalimu hiyo," mzee akaniambia. "Watu wanasimama sana kuiangalia."

Nilisimama na mimi. Roho iliniuma, maana picha ilikuwa nzuri, tena nzuri kweli. Kumbe kila Jumamosi mwenzangu alikuwa akienda Samuye kwa wakwe zake, kwenye ngitili, yale malisho ambayo Wasukuma huyafunga yasiguswe na ng'ombe mpaka kiangazi. Alijilaza kwenye nyasi kutwa nzima, anasubiri ndege. Mimi mteja akichelewa tu kukaa sawa namfokea.

Nilikuwa na roho ya kwa nini, sifichi. Kwa nini yeye, mwenye kazi yake ya chaki, aje kunitoa kiooni? Nafasi yangu niliitaka irudi, na niliitaka irudi kwa ndege, ili asibaki na la kusema.

Nikaenda Samuye siku ya kazi, yeye akiwa darasani. Sikuwa na nia ya kulala kwenye nyasi. Mama mmoja alikuwa na kanga aliyemnasa kwa mtego.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimu kwa Kisukuma. "Namtaka huyo."

"Wa kupika?"

"Wa kupiga picha."

Alicheka mpaka akashika mbavu.

Nilimpeleka yule ndege kwenye ngitili, nikamfunga mguu kwa uzi wa katani kwenye shina la mgunga, nikauficha uzi kwa majani. Akalala chini. Nikamsimamisha, akalala tena. "Tulia, tazama huku, inua kidevu," nikawa namwambia, mazoea ya studio. Mwisho akashtuka, akanyoosha shingo na kufungua mbawa, nami nikafyatua mpaka filamu ikaisha. Jioni mke wangu akampika. Alikuwa mtamu.

Picha iliporudi, mzee wa duka hakusita. Korongo wakashuka, kanga wangu akapanda. Watu wakajaa, wakanisifu, na mimi nikavimba kichwa. Nilipomwona Mwalimu anavuka barabara na baiskeli yake, nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu.

Akasogea hadi pua ikakaribia kugusa kioo. Aliangalia muda mrefu, na nikajua anaangalia mguu wenye uzi. Nikasubiri anitangaze mbele za watu. Alinishika mkono, akanivuta pembeni, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Fundi, ulimfungua baadaye?"

Nilijiandaa kwa matusi, kwa kejeli, kwa lolote. Hilo sikulitegemea. Nami nilikuwa bado sijawahi kumfikiria yule ndege, isipokuwa kama picha na kama mboga.

"Nilimfungua," nikasema.

Uso wake ukakunjuka. Alifurahi kama mtu aliyeambiwa mgonjwa wake amepona, na hata hapo nilimwonea wivu, zaidi ya siku ya korongo. Kioo kilikuwa changu, lakini kile alichokuwa nacho yeye sikukipata Samuye wala sikujua kinapatikana wapi.

"Afadhali," akasema. "Jumamosi nitamtafuta. Ulimwachia upande gani?"

Nikamwelekeza. Nilimwambia upande wa kisima, karibu na mgunga mkubwa, na kwamba aende mapema.