Sauti ya Muuguzi wa Ng'ambo

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi niliyosema uongo Kasumbalesa, pale kwenye mpaka wa Kongo yetu na Zambia. Nilikuwa na mwaka mmoja tu wa ndoa, nakwenda Chingola kununua samaki wakavu wa kuuza Kolwezi. Muuguzi wa mpakani aliniuliza, "Mama, kwenu kuna mutu mwenye kuhara?"

Nyumbani Kasulo, mtaa wetu wa Kolwezi, nilikuwa nimemwacha mama mkwe akihara tangu juzi. Lakini niliogopa kurudishwa. Nikajibu kwamba wote ni wazima: "Apana. Bote beko bazima."

Siku ya tatu, sokoni Chingola, nikaanza kuhara na kutapika. Kipindupindu. Muuguzi wa kule, Mama Mwape, alinitundikia maji ya mshipa, kisha akaniuliza kwa Kibemba ninaishi wapi, ninakunywa maji ya kisima gani, nimekula na nani. Nilishangaa. Kisima cha Kasulo kinamhusu nini mtu wa Zambia? Safari hii nilisema kweli yote. Akatoka na simu yake.

Niliporudi nyumbani siku ya sita, nilikuta kisima chetu kimefungwa, na mama mkwe ameketi uani anakunywa uji. Muuguzi wa mtaa wetu, tata Ilunga, alikuwa akigawa dawa ya maji. Nikamuuliza ni nani aliyempa habari.

"Mwape. Alipiga simu siku ileile."

"Munajuana?"

"Hatuyaonana hata siku moya. Mi najua sauti yake tu."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alinionyesha nyumba ya jirani yetu, mama Kabedi, ambako watu walikuwa wameketi matangani. Mtoto wake wa mwisho alikuwa amezikwa jana yake.

"Kama ungesema kule mpakani," alisema polepole, "tungefika hapa siku mbili mapema zaidi."

Baadaye nilimuuliza walianzaje kupigiana simu. Akaniambia wakubwa wa nchi mbili walikaa pamoja, wakakubaliana kila kituo cha afya kiwe na namba za simu za wauguzi wa ng'ambo. Mipango yote ile, mwanangu, ilikwama kinywani mwangu.

Leo wewe unavuka kila wiki na lori la shaba. Ukiulizwa mpakani, sema kweli, hata foleni ikiwa ndefu. Na wewe pia uliza: kule watu wanaumwa nini? Ukisikia jambo, lifikishe kituoni.

Mungu akupe mwili wenye nguvu, akulinde wewe na wote utakaokutana nao njiani, wa huku na wa kule.